Mlango wa Thelathini na Mbili

Miaka ishirini na sita nilifunga shule ile ya Burngreave:
milango thelathini na moja, funguo thelathini na moja,
nikizijua kwa vidole, gizani,
mvua ya Novemba ikinipiga kisogoni.
Hakuna aliyeniambia kwamba natembea na mmoja zaidi,
uliokuwa ukijifunga wenyewe tangu nilipoacha nepi,
bila mafuta, bila asante.

Tezi dume ikatolewa.
Siku ya kumi wakachomoa mpira wa mkojo.
Nikasimama, na suruali ikajibu kabla yangu.

Hazel, mtaalamu wa viungo, hana soni hata chembe:
"Lala chali, kunja magoti. Sasa fikiria
uko kwenye lifti na wakubwa zako, na hewa inataka kutoka."
Nikafikiria niko ukumbini kwa mama mkwe, Tanga,
sahani ya maharage tumboni.
"Hapo hapo! Kaza. Inua kwa ndani.
Usibane makalio. Usikunje uso. Pumua."
Kumi za taratibu, kumi za chapuchapu, mara tatu kwa siku.
Hesabu yangu ilifika tatu. Kwenye nne
kitu kikaponyoka, kama sabuni.

Basi nikaanza. Birika likichemka, nakaza.
Nikipiga mswaki, nakaza.
Kwenye foleni ya posta, nyuma ya bibi mwenye mbwa, nakaza,
nikimwomba Mungu uso wangu uwe
wa mtu anayesoma bei za stempu.

Pedi nilinunua mtaa wa mbali.
Mashine ya kulipia ikazikataa,
taa nyekundu ikawaka juu ya kichwa changu.
Kijana akaja, akazigeuza, akazipitisha tena.
"Babu yangu anatumia hizihizi," akasema,
nami nikatamani kumkumbatia na kumkimbia papo hapo.
Kukimbia siwezi. Sheffield ni vilima,
na kila kilima kina ushuru wake.

Usiku Ramla akaikuta moja kwenye mizani yake ya unga.
Nikamweleza: Hazel anataka uzito, gramu kwa gramu.
Hakucheka. Kesho yake alileta mizani ya pili,
ameiandika kwa wino mzito: YA BABA.
Wiki ya kwanza, mia tatu na arubaini.
Ya tano, mia mbili na kumi.
Ya sita ikapanda; nilibeba ndoo ya rangi, mjinga mimi.
Ya tisa, sitini.

Mengine mizani haiyasomi.
Miezi mitatu nilisali peke yangu chumba cha nyuma,
udhu mpya kila simu ilipoadhini,
nikiogopa kusujudu katikati ya safu,
nikiogopa zaidi kuinuka.
Imamu alisema mwenye udhuru hana lawama.
Nilimwamini. Sikwenda.
Na kitandani, mimi na Ramla kama sahani kabatini,
nailoni ikichakarika chini ya shuka tukigeuka,
kila mmoja akijifanya hakuisikia.

Jana Kombo akapiga simu kutoka Leeds.
Akauliza hali ya hewa. Akauliza bei ya mchele.
Akanyamaza. Kisha:
"Yangu wanaitoa mwezi ujao.
Baadaye, mtu... anajizuia?"

Ningeweza kusema nimepona.
Asubuhi tu nilipiga chafya na kushindwa.
"Uko peke yako?" nikamwuliza. "Kaa kitini.
Usingoje kisu, anza leo.
Haya, mama mkwe wako yuko mbele yako."
Akacheka. Nami nikacheka,
nikachelewa kufunga: matone mawili, matatu, haidhuru.

"Kaza," nikasema. "Inua."
Laini ikawa kimya, Sheffield hadi Leeds,
wanaume wawili wazima wakihesabu bila sauti.
Mimi nilifika nane.
Yeye hakusema alifika wapi,
nami sikumwuliza.